Mistari Mitano Aliyoiruka Shemasi

Askari wa barrière, kizuizi cha barabarani, alifungua paketi yangu ya chaki, akatoa kipande kimoja, akakiuma.

"Hii ni dawa?"

"Hapana, afande. Ni ya kuandikia. Tunaenda kufundisha wamama."

Akatema, akapangusa midomo, kisha akakigeuza kile kipande mkononi kama mtu aliyepata wazo. Akaenda chini ya turubai lao, akavuta ubao uliokuwa pale, akaanza kuchora miraba. Wenzake wakasogea. Kufumba na kufumbua walikuwa na mchezo wa dame, na vifuniko vya chupa ndivyo vilikuwa askari wao. Paketi nzima ikabaki kwao. Walitupungia mkono tupite, nasi tukapita. Hivyo ndivyo nilivyofika katika kijiji kile siku ya kwanza: mwalimu mwenye diploma, bila chaki hata moja.

Ilikuwa miaka ya vita. Askari wa nchi jirani walikuwa wamekaa katika vilima vyetu, na waasi waliokuwa pamoja nao ndio walijiita serikali. Mimi nilikuwa nikifundisha shule ya msingi Beni, mpaka wanajeshi walipolala katika madarasa na madawati yakawa kuni. Nikarudi Butembo kwa wazazi, katika commune ya Kimemi, na sanduku la nguo, umri wa miaka ishirini na mitatu, na hakuna kazi mbele yangu. Nilikaa miezi nikichagua maharagi na mama yangu, na kila mtu aliyepita alisema, "Madame, unafundisha maharagi?"

Ndipo wamama wa kanisa letu la Kiprotestanti walipopatana na wamama wa parokia ya Kikatoliki kutuma watu wa kujitolea vijijini, kufundisha wanawake kusoma na kushona. Kupatana kwenyewe kulikuwa habari kubwa kuliko vita. Hakukuwa na mshahara. Walitupa paketi ile ya chaki, vibao vitano vya kuandikia, na maombi ya namna mbili.

Mwenzangu alikuwa mshonaji wa sokoni, mama wa Kikatoliki, mnene, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Alibeba masini yake ya kushona mgongoni, ile ya kuzungusha kwa mkono, na kamba kipajini, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba makaa. Mimi nilibeba vibao na viatu vyangu vizuri. Kila Alhamisi tulitembea muda wa saa mbili na nusu kwenye barabara ya kwenda Kyondo, na njia nzima aliniambia habari za wateja wake: nani alinenepa, nani alipunguza gauni la harusi akaliongeza tena mwezi uliofuata.

Kijiji kilikuwa kwenye mgongo wa kilima. Askari walikaa juu kabisa, katika shule. Sheria zao zilikuwa nyepesi kukumbuka. Asubuhi hakuna kwenda shambani kabla hawajainua mti wa barrière. Siku mbili kila juma ni salongo, yaani wanawake wanawachotea maji na kuwakatia kuni bure. Na mtu asisafiri kupita soko la jirani bila karatasi ya kamanda.

Somo la kwanza lilikuwa katika kanisa la Waprotestanti, nyumba ya udongo yenye mabenchi ya mbao. Walikuja wanawake kumi na tisa, na watoto mgongoni, na vikapu vya maharagi ya kuambua ili mikono isikae bure. Wote walitazama viatu vyangu. Nikaeleza kwamba chaki zimebaki kwa askari. Kisha mama mmoja akainuka, akatoka nje, akachukua kipande cha muhogo mkavu kutoka juu ya paa lake, akarudi na kukikwaruza juu ya mlango. Ulitokea mstari mweupe, mzuri kuliko wa chaki yangu.

Basi mlango ukawa ubao. Tuliung'oa, tukauweka juu ya benchi. Juma lililofuata walikuwa wameupaka rangi nyeusi iliyotoka ndani ya mawe ya radio, zile betri zilizokwisha, wakaitwanga na majani mpaka ikashika.

Shemasi wa kanisa alikuja kuona. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyevaa koti hata wakati wa jua, na moyo wake ulikuwa mwema. Yeye ndiye aliyesomea kijiji chote barua zao. Alisimama mbele ya tundu lililokuwa mlango.

"Mulango ya nyumba ya Mungu!" alisema.

"Shemasi," mama mshonaji akamjibu huku akitia uzi katika sindano, "Mungu hapana kuogopa baridi."

Wanawake walicheka mpaka watoto wakaamka. Shemasi alivuta koti lake, akaenda zake. Kesho yake alipachika mkeka mahali pa mlango.

Kati ya wanafunzi wetu kulikuwa na koko mmoja, bibi mzee wa karibu miaka sabini. Alizaa watoto sita, akabaki na mmoja tu, kijana aliyeteremka ziwani, Kyavinyonge, kufanya kazi ya samaki. Koko alikaa mbele kabisa na kuzigombeza herufi kama wakwe wavivu. "Weye mwenye tumbo," aliiambia b, "geuka huku, acha kutazama mwenzako." Herufi d ilikuwa mwenye tumbo aliyekosana na ndugu yake. Herufi M aliipata siku moja tu, kwa sababu alisema ni vile vilima viwili anavyoviona akifungua mlango asubuhi. Nyumbani aliandika katika majivu ya jiko, na binti wa jirani aliniambia kwamba ugali wake siku hizi unachelewa.

Masomo hayakwenda upande mmoja tu. Kwa kuwa walinipa saa zao za shamba, nami nilitakiwa kuwasaidia kupalilia baada ya somo. Siku ya kwanza nilipalilia mstari mzima nikijisifu moyoni, kisha koko akapita nyuma yangu, akainama, akaokota kitu.

"Bamama, kuyeni muone! Madame anaacha majani, anang'oa maharagi!"

Hadithi ile ilifika Butembo kabla yangu. Mama yangu alinipokea mlangoni akicheka. Alhamisi iliyofuata niliacha viatu vizuri nyumbani, nikaja peku kama wenzangu. Tangu siku ile waliacha kuniita wa mjini.

Sitasema kwamba siku zote zilikuwa za kicheko. Asubuhi moja tulikuta kijiji kitupu, vyungu bado motoni. Mlio wa risasi ukasikika juu, upande wa shule. Mkono ulitokea kwenye migomba, ukavuta kikwembe nilichojifunga, nikaanguka chini katikati ya wanafunzi wangu. Tulilala pale katika majani makavu labda saa nzima. Mama mshonaji alikuwa ameikumbatia masini yake kama mtoto mchanga, na midomo yake ilikuwa ikienda na rozari. Koko alikuwa kando yangu. Alitoa kibao chini ya nguo zake, akaninong'oneza:

"Madame, risasi inaandikwa na s moja moja ao mbili mbili?"

"Moja moja, koko. Nyamaza."

"Mbili mbili ingeifaa," akasema, akaandika.

Baadaye tulisikia kwamba askari walikosana wao kwa wao kwa ajili ya pombe, na walipiga hewani. Hakuna aliyeumia. Tulitoka katika migomba, tukatazamana na majani katika nywele. Mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kile kikatushika wote. Hatukuweza kufundisha neno siku ile.

Ilikuwa katika mwezi wa saba wa masomo yetu koko alipokuja na barua. Aliitoa katika kitambaa alichofunga kiunoni. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kukatika.

"Ya mutoto wangu," alisema. "Ilifika miaka mbili sasa. Shemasi alinisomea mara nyingi, naijua yote kwa kichwa. Leo nataka kuiona kwa macho yangu."

Aliikunjua juu ya benchi na kuweka kidole kwenye neno la kwanza. Wengine waliendelea kushona, lakini kwa sikio moja. Kweli aliijua. Kidole kilitembea polepole, na mara nyingi kinywa kilitangulia kidole. Mama salamu sana. Mimi ni muzima. Samaki iko kidogo sababu baaskari banachukua. Nyavu yangu ilipasuka, nikatengeneza. Salimia watu yote ya kanisa. Hapo akainua uso, amefurahi, kwa maana hapo shemasi alimaliza kila mara na kusema "mimi mutoto wako." Kisha akatazama tena chini. Akarudisha kidole nyuma, akahesabu maneno, akakipeleka mbele.

"Madame," alisema, "maneno ya shemasi imeisha. Lakini karatasi bado kuisha."

Nilitazama. Ilibaki mistari mitano. Niliiona yote kwa jicho moja, kama ilivyo kwa mtu aliyesoma tangu utoto. Nikanyoosha mkono.

"Lete nikusomee, koko."

Akaifunika karatasi kwa kiganja. "Hapana. Hapana kunisomea. Nitafika mwenyewe."

Nikarudisha mkono. Ilikuwa ngumu kuliko kazi yoyote ya ualimu niliyopata kufanya. Siku ile alifika katikati ya mstari wa kwanza, neno "nilishaoa", akasimama. Mama mshonaji aliacha masini. Koko alikunja barua, akasema macho yamechoka, akaenda nyumbani bila kuaga.

Juma lile lilikuwa refu. Kimemi nilitoka kuteka maji nikaacha ndoo kisimani. Alhamisi iliyofuata wanawake wote kumi na tisa walikuwa wamefika kabla yetu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Koko alikaa mahali pake, akakunjua barua, akasoma mbele yao wote, neno moja moja, kwa sauti ya mtu anayepanda mlima:

"Mama, nilishaoa muke huku. Ni Mukatoliki. Tulifunga ndoa kwa bapadri. Hapana kukasirika. Tuko na mutoto mwanamuke, na tunakungoja kuya kumuona. Mimi mutoto wako."

Koko alibaki na kidole juu ya neno la mwisho. Kisha aliinuka, akashika fimbo yake, akatoka, na sisi wote nyuma yake, hata mama mwenye kipande cha blauzi bado kimeshikwa na pini kifuani.

Shemasi alikuwa nyuma ya kanisa akifunga mafungu ya mboga. Koko alimwekea karatasi mbele ya macho.

"Shemasi, unajua kusoma?"

"Najua, mama."

"Soma."

Alianza kama kawaida yake, sauti ya mimbari. Alipofika kwenye salamu za watu wa kanisa akataka kukunja karatasi, lakini kidole cha koko kilikuwa kimeshafika mahali pale, kimekaa juu ya mstari wa kwanza wa ile mitano.

"Endelea," alisema.

Shemasi akatazama kile kidole. Akatazama wanawake. Akavua kofia.

"Mama, ulikuwa mugonjwa wakati ile. Niliogopa huzuni itakumaliza. Na weye mwenyewe ulisema mbele ya kanisa, hautaki kuona mutoto wako anaoa kwa Bakatoliki, afazali akae bila bibi. Siye wote tulisikia."

Nilidhani koko atampiga na fimbo. Badala yake aliteremsha karatasi, akakaa juu ya fungu la mboga.

"Kweli nilisema," alijibu. Akaipapasa ile karatasi. "Mutoto iko na meno sasa, shemasi. Anatembea. Anaita watu. Na mimi sijue."

Machozi yalimtoka shemasi kabla ya koko. Mama mshonaji, Mkatoliki pekee pale, alikuwa amejificha nyuma yangu, jambo gumu kwa mwili wake. Koko alimwona.

"Na huyu je? Kila Alhamisi ananifundisha kushona, nakula viazi yake, nalala naye katika migomba. Padri wake alinifanya nini?" Akanyoosha mkono ili tumwinue. "Nataka kwenda Kyavinyonge."

Kwenda Kyavinyonge kulihitaji karatasi ya kamanda. Kapita, mkubwa wa kijiji, aliyepaswa kutuombea, alikataa. Mara ya mwisho alipopanda kule kuomba kitu, walimlaza chini na kumpiga viboko, na bado alikaa upande mmoja. Hatukumlaumu. Ndipo mama yule wa muhogo aliposema, "Kwa nini tunasoma basi? Tuandike siye wenyewe."

Tuliandika Alhamisi nzima. Walibishana kama tuanze na "Afande Kamanda" au na "Salamu katika jina la Bwana". Tuliweka vyote viwili. Walibishana kuhusu neno "ruhusa", kisha kuhusu kuku. Askari walikuwa wamechukua kuku wa koko mwezi wa tatu, na yeye alitaka jambo lile liingie. Wengine walikataa kabisa: ukiomba njia, omba njia tu. Tukapiga kura, kuku wakashindwa. Kila mwanamke alikuja na kuandika jina lake kwa biki yangu, ulimi nje, na wengine walirudi nyuma kutazama majina yao kutoka mbali. Koko aliandika wa mwisho. Alikawia sana. Nilipochukua karatasi niliona kwamba chini ya jina lake alikuwa ameongeza maneno mawili: na kuku.

"Koko!"

"Imeshaandikwa, Madame. Hatuna karatasi ingine."

Tulipanda watu wanne: koko, mama wa muhogo, mama mshonaji na mimi. Kamanda alikuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo alichotundika kwenye mlingoti wa bendera, povu shavu moja. Alisoma barua akiwa amesimama, midomo ikienda polepole, kwa sababu Kiswahili chetu si chao. Alifika chini. Akasoma tena pale chini. Kisha akanitazama mimi.

"Wewe mwalimu ndiye umeandika."

"Hapana, afande. Ni wao."

"Hawa?" Akampa koko biki na kipande cha karton. "Mama, andika chai."

Koko alikaa chini, akaweka karton juu ya goti. Aliandika, akamrudishia. Ilikuwa imeandikwa *cayi*.

"Chai haiandikwi hivi," kamanda alisema.

"Afande," koko akajibu kwa heshima yote, "ukiimwaga katika kikombe itanyweka."

Wale askari waliokuwa karibu walikata kicheko, kisha wakakizima, wakamtazama mkubwa wao. Yeye alipangusa povu taratibu. Mama mshonaji alinishika kidole mpaka kikaumia.

"Na kuku?" aliuliza kamanda.

Koko, mdogo pale chini, alimtazama tu usoni. Mwishowe kamanda alicheka yeye mwenyewe, kicheko kifupi cha puani, akaita karani wake atuandikie karatasi ya watu wawili, siku saba. Kesho yake askari mmoja aliteremka kijijini na kuku mwekundu, mkonde, akamfungua mbele ya nyumba ya koko na kuondoka bila neno. Hakuwa wa koko. Wake walikuwa weupe. Koko alisema kwamba hatakosana na mgeni.

Nilimsindikiza mimi. Tulitembea siku mbili, usiku wa katikati tukilala Kyondo kwa ndugu zake. Njiani tulipishana na wanawake wanaopandisha samaki, migongo imeinama, na koko alimwuliza kila mmoja kama anamjua mwanawe. Wa nne alimjua. Baada ya Kyondo nchi inaanguka mbele yako, joto linapanda, na ziwa linaonekana chini kama bati jipya. Koko hakuwahi kufika. Alisimama, akasema, "Maji yote hii, na bado samaki iko kidogo?"

Tuliingia Kyavinyonge saa sita mchana. Kiboko alikuwa amelala karibu na mitumbwi na hakuna aliyemjali ila sisi. Walituonyesha nyumba ya udongo yenye nyavu ukutani. Mwanamke kijana alikuwa nje, akipasua tilapia na kuzipanga juu ya kitanda cha miti, na msichana mdogo kando yake alikuwa akifukuza nzi kwa jani, kwa ukali mwingi.

Koko alisema jina la mwanawe na kwamba yeye ni mama yake. Kisu kilianguka. Mwanamke alipangusa mikono katika kikwembe, akapiga magoti, kisha akainamisha kichwa hata hatukuona uso wake.

"Mama, karibu," alisema chini chini. "Tulizania umetukataa. Tulituma barua, hapana jibu. Bwana yangu alisema tusisumbue tena."

Nilifungua kinywa kueleza. Koko alinizuia. Aligeuza kikapu cha samaki, akakikalia, akatoa barua katika kitambaa, na badala ya kujitetea akaanza kuisoma kwa sauti, kidole juu ya neno, kutoka salamu ya kwanza. Majirani walisogea. Msichana alikuja na jani lake, akasimama karibu na goti, akatazama kile kidole kinachotembea. Koko alisoma samaki kidogo, alisoma nyavu iliyopasuka, alisoma salamu za kanisa. Kisha akasema, "Hapa ndipo nilikuwa nasimama miaka mbili," akaendelea mpaka mwisho. Alipofika kwenye neno "mutoto mwanamuke" alimwekea mjukuu wake mkono kichwani na kumaliza mstari bila kutazama karatasi.

"Nilijua kuisoma juma ine iliyopita," alimwambia mkwewe. "Sababu ni hii tu. Inuka, mutoto yangu, samaki inaharibika."

Mkwe aliinuka akilia na kucheka pamoja, akamkumbatia na mikono yake yenye magamba. Mwanawe alifika nyuma ya watu na kasia begani. Baadaye alituambia kwamba alisikia sauti kutoka njiani na kujisemea: hii ni sauti ya mama, lakini haiwezi kuwa yeye, mama hapana jua kusoma. Alisimama pale mpaka watu walipompisha.

Tulikaa siku tatu. Nilikula samaki kuliko mwaka mzima uliopita. Siku ya yenga, Jumapili, mkwe alikwenda kwa mapadri, na koko akamsindikiza mpaka mlangoni, kisha akabaki nje na mtoto, akiimba nyimbo zetu kwa sauti ndogo ili asimkosee mtu. Jioni alichukua kaa la moto lililozimika na kuwaandikia wanawake wa jirani herufi M juu ya kikapu. Nilimsikia akieleza: "Hivi ni vilima viwili. Ninyi hamuna vilima, andikeni mawimbi."

Tulirudi siku ya saba saa kumi. Shemasi alikuwa kwenye barrière. Askari walisema amekuja kila siku tangu siku ya tano, na alikuwa ameshawashinda wote katika dame. Koko alimpa tilapia mbili zilizokaushwa.

"Moja ni ya kusoma," alimwambia. "Ingine ni ya kuruka. Ile ya kuruka, sababu ulijaribu kunifanyia mema."

Yule mkwe alipanda kijijini mwaka uliofuata, akiwa na mtoto wa pili mgongoni, na mama mshonaji alimshonea nguo ya ubatizo ya huyo mdogo. Koko aliweka vifungo mwenyewe. Kimoja kilikaa kichwa chini.

Nilifundisha pale karibu miaka mitatu. Asubuhi moja askari waliondoka bila kuaga, magari yakateremka na vumbi likabaki. Tulipofika Alhamisi, wanawake walitungoja na mifagio, tukapanda wote mpaka shule. Madawati hayakuwapo. Kuta zilikuwa zimejaa maandishi ya makaa, toka chini mpaka mahali mkono unapofika. Mengi yalikuwa katika lugha zao, na wanawake walipita polepole, wakijaribu, wakiguna. Palipokuwa na Kiswahili walisoma kwa sauti. Kulikuwa na majina ya wasichana, kulikuwa na maneno ambayo mama wa muhogo aliyasoma nusu kisha akamfunika macho jirani yake. Karibu na dirisha koko alisimama muda mrefu mbele ya mstari mmoja wa herufi ndogo, nzuri.

"Ninataka kurudi nyumbani," alisoma.

Wengi wetu tuliwachukia watu wale, na tulikuwa na sababu.

"Basi, amerudi," alisema mama mshonaji.

Koko alitikisa kichwa, akajifunga kikwembe vizuri, akaomba maji. Tuliosha kwanza ukuta ule.